Magunia 38 na Koti la Kuazima

Ujumbe wa sauti uliingia saa kumi na moja alfajiri, Agosti 2024. Wazee wa huku kwetu wakishaamka wanajua na dunia nzima imeamka.

"Mwanangu, mimi ni baba yako wa Isansa. Yale magunia yangu 38 bado yamo ndani. Wewe ulisema gunia litafika elfu tisini. Sasa dumuzi wameanza kuyatoboa. Niambie, niendelee kusubiri?"

Jogoo akawika humo humo kwenye simu, kisha sauti ikakatika.

Niliusikiliza mara tatu nikiwa nimekaa kitandani. Mzee mwenyewe sikuwa namjua. Namba yangu aliitoa kwenye video, maana wakati ule nilikuwa naiandika chini ya picha kwa herufi kubwa, na pembeni yake neno "USHAURI". Hilo neno nitalirudia.

Kazi yangu ni kupiga video za masoko. Mahindi Mlowo huku Songwe, viazi Isongole, mchele wa Mbarali na wa Kyela, kahawa ya Mbozi, na mara moja kwa wiki hisa na hati fungani za Dar es Salaam. Ofisi ni chumba changu Uyole, Mbeya. Wafanyakazi ni mimi, simu, kipaza sauti cha kubana kwenye kola, na stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Zamani nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi, na huko ndiko ugonjwa huu ulikoanzia.

Kila msimu wakulima walikuwa na swali moja: "Karani, New York inasemaje?" Mtu wa mjini anaweza kucheka, lakini mkulima wa Mbozi anajua vizuri kwamba bei ya arabika inaanzia New York, na ya robusta London. Asichoambiwa ni kipimo. New York wanahesabu senti za dola kwa ratili moja, na ratili haifiki hata nusu kilo. Februari 2025 arabika ilipovuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kuonekana, ukiipiga kwa kilo na kwa shilingi za wakati ule inazidi 22,000. Watu wakasikia hiyo elfu ishirini na mbili wakaanza kuhesabu mabati. Lakini hiyo ni kahawa safi iliyokwisha kobolewa, iliyochambuliwa, iliyofika bandarini. Mkulima anauza ya maganda, na kati ya ganda lake na New York kuna mashine, lori, mnada, makato ya chama na daraja la ubora. Enzi za ukarani, kabla ya bei hiyo, nilikuwa nayachora mambo kama hayo chini kwenye vumbi kwa kijiti, watu wamenizunguka. Siku moja kijana akanirekodi kwa simu yake, akairusha kwenye kundi la kijiji. Wiki hiyo hiyo walikuja watu wa kata ya jirani wakimuulizia "yule dada wa kijiti".

Video ya kwanza niliyoipiga kwa kukusudia ilikuwa ya Mlowo, na mpaka leo sijapiga nyingine ninayoipenda kama ile. Haina neno langu hata moja. Ni bambo tu. Kama hulijui, bambo ni chuma chenye ncha, kimechongwa kama mrija uliopasuliwa. Dalali analichoma gunia, mahindi yanateleza mpaka kiganjani mwake. Anayatazama, anayanusa, anatafuna punje moja. Ikilia ta! imekauka. Ikinyamaza, bei imeshuka kabla hajafungua mdomo. Baada ya hapo mahindi ya kiganjani hayarudi guniani, yanaingia kwenye ndoo yake. Nilimfuata na kamera tangu saa mbili asubuhi. Kufika saa nane mchana ndoo ya kwanza ilikuwa imejaa na ya pili ipo nusu. Hakuna aliyesema kitu. Nikaiweka hivyo hivyo, dakika nne, mlio wa chuma kikiingia kwenye katani na punje zikidondoka kwenye plastiki. Wakulima walikuwa wananiandikia neno moja tu: "Ndoo!"

Maandishi hayawezi kazi hiyo, na redio haiwezi. Chukua viazi. Ukisikia gunia la viazi Isongole ni shilingi kadhaa, umeambiwa nini? Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hilo miaka na miaka, lakini lumbesa lenye nundu lililoshonewa juu bado unalikuta. Mimi nilisimama ubavuni mwa gunia moja, nikamwomba kijana wa kupakia anishikie simu. Lilinifika begani. Si mrefu sana mimi, lakini hata hivyo.

Sasa shida. Ile video ya ndoo ilitazamwa na watu elfu tatu na kitu. Wiki mbili baadaye nikasema kwenye kamera kwamba mchele utapanda Ramadhani. Hata mtoto wa chekechea hapa Uyole anajua mchele hupanda Ramadhani. Ikatazamwa na watu elfu kumi na tisa. Nikaonja asali. Kuanzia hapo kila wiki nikawa na utabiri: vitunguu, kahawa, mahindi, hisa za benki, riba. Benki Kuu ilipoanza kutangaza riba yake ya sera, ile inayoongoza riba za mabenki, Januari 2024, asilimia 5.5, mimi usiku huo huo nilishasema itakuwa ngapi robo itakayofuata. Nani aliniuliza?

Na kutabiri kunahitaji mavazi. Nilikuwa natazama sana chaneli za biashara za Marekani, kina CNBC na Bloomberg, jinsi mtu anavyokaa na koti lake, namba zinakimbia chini kama siafu, na anayoyasema yanakaa kichwani kabla hujayapima. Dada yangu anafanya kazi benki. Nikaazima koti lake, la bluu iliyokolea, mikono ilikuwa mirefu nikaikunja kwa ndani na pini. Ukutani nikatundika shuka jeupe, mbele nikawasha taa ya duara, pembeni nikabandika grafu. Mama alipoiona akasema, "Ee, sasa umekuwa mtu wa taarifa ya habari." Nikafurahi sana.

Mwisho wa Februari 2024 Zambia walitangaza ukame kuwa janga la taifa. El Niño ilikuwa imewakausha kusini kote: Zambia, Malawi, Zimbabwe. Mimi nina mpaka wa Tunduma mlangoni, nikaona kila kitu kimejipanga chenyewe. Zambia hawana mahindi, Songwe tuna mahindi, mpaka uko wazi. Machi nikavaa koti nikasema gunia la kilo 100, ambalo Mlowo lilikuwa kwenye elfu sitini hivi, litafika elfu tisini kabla ya Agosti. Sikusema "huenda". Nilisema "litafika". Grafu ilikuwa na mshale mwekundu unaopanda.

Sababu zangu zote zilikuwa za kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Katikati ya mwaka Tanzania ilikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Kwa hiyo njaa ya Zambia niliiona sawasawa. Nisichokitazama ni maghala ya kwetu. Mavuno ya 2023 yalikuwa bado yamelala ndani ya nyumba za watu, mvua iliyowanyima wenzetu huku kwetu ilinyesha vizuri, na kuanzia Mei mahindi mapya yakaanza kumwagika juu ya yale ya zamani. Ningeweza kuyaona kwa macho. Ilikuwa ni kupanda Coaster, kushuka Mlowo, kuingia nyuma ya maduka na kupiga picha milundo. Badala yake nilikaa mbele ya shuka jeupe.

Kuna jambo jingine, na niliandike kabla sijabadili mawazo. Wakati nasema yale, nilikuwa na magunia yangu 12 kwa mama, Vwawa. Sikuyataja kwenye video. Sikuwa na nia mbaya, wala sikufikiri kwamba yanahusika. Lakini mtu mwenye magunia 12 ndani akiangalia mpaka wa Tunduma haoni sawa na asiye nayo. Macho yake yana mteremko.

Kwa mzee wa Isansa nilikwenda siku tatu baada ya ule ujumbe. Nilikwenda bila kamera, niliogopa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda, mama mwenye nyumba akaleta maharage na ugali kabla hata sijajieleza. Kisha akanipeleka ghalani. Ukiweka sikio kwenye gunia lililoingiwa na dumuzi unasikia kabisa, kama mvua ndogo kwenye majani makavu. Unga ulikuwa umelala chini ya magunia kama wa mashineni. NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, walikuwa wananunua wakati huo, na kwa bei nzuri kuliko ya dalali, lakini wao wanataka mahindi makavu yenye punje nzima, haya yasingepita. Dalali alikuwa amemwambia elfu 45 kwa yale mazima, yaliyotobolewa watazungumza.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Nikamuuliza, "Baba, kwa nini uliniamini mimi? Hapa Isansa kuna watu wamefanya biashara ya mahindi miaka thelathini."

Akafikiri. "Wale nawajua," akasema. "Najua yupi muongo na yupi ana deni. Wewe sikujui. Na ulikuwa umevaa koti."

Njiani kurudi, tangu Mlowo mpaka Mbalizi, nilikuwa nimekaa karibu na dirisha na hilo neno tu. Ulikuwa umevaa koti.

Koti nililirudisha kwa dada. Grafu nazo nikaanza kuzitazama kwa jicho baya. Nina video moja ya hisa ambayo sijaifuta, ya kampuni ambayo bei yake ilisogea shilingi 10 kwa wiki nzima. Nilikata sehemu ya chini ya grafu, ile shilingi 10 ikasimama kama Mlima Loleza. Sikudanganya namba hata moja. Na soko lenyewe la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, hata leo lina hisa ambazo zinakaa siku nyingi bila mtu kununua wala kuuza. Bei unayoiona ni ya mtu wa mwisho, labda wa wiki iliyopita, aliyeuza hisa chache tu. Kulitangaza kwa haraka haraka, na muziki, kana kwamba ni New York saa ya kufungua, ni kumpaka konokono mafuta ya pikipiki.

Mjomba wangu alinunua hisa za benki ya NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600 moja. Karatasi akaitia sandukuni chini ya blanketi, akasahau. Mwaka 2024 zilikuwa zimevuka 5,000, na magawio juu. Hajawahi kutazama utabiri hata mmoja, wangu ukiwemo. Ila kabla hamjamfanya nabii, mjomba huyo huyo ana hisa nyingine ambazo ukizitaja mezani anainuka kwenda kuangalia ng'ombe.

Usiku mmoja nikitafuta kujifariji nikakutana na habari za Mmarekani mmoja, Alfred Cowles. Alikuwa na mali ya familia, akawa analipia majarida na makampuni ya kutabiri soko. Baada ya anguko la 1929 akajiuliza amekuwa akilipia nini. Akakusanya utabiri wao wa miaka kadhaa, akaupanga, akaulinganisha na yaliyotokea kweli, na mwaka 1933 akachapisha: kwa ujumla hawakuwashinda waliobahatisha. Nikamwona mzee wa Isansa na Cowles wamekaa kigodani pamoja, wote wamelipia koti.

Neno "USHAURI" nalo nikalitoa. Kumshauri mtu anunue hisa gani ni kazi yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mimi ya maudhui, ya TCRA, wale wa mawasiliano, ninayo, hiyo nyingine sina. Ningeweza kujitetea kwamba mahindi si hisa. Kwa mzee wa Isansa, magunia 38 ndiyo hisa, ndiyo pensheni, ndiyo ada ya mtoto wa kidato cha tano.

Niliodhani ni mwisho wa mambo haukuwa mwisho. Septemba ya mwaka huo huo mfanyabiashara mmoja wa nafaka akanikaribisha chai Tunduma. Alikuwa mpole, ananiita dada kila baada ya maneno matatu. Akasema amependa video zangu, wakulima wananisikiliza, na kwamba angefurahi kama ningetengeneza moja kuhusu mpaka kufungwa na bei kuporomoka zaidi. Bahasha ilikuwa tayari mezani, chini ya sahani ya chapati. Laki tatu.

"Lakini mpaka haufungwi," nikasema.

"Wala usiseme uongo, dada yangu. Sema tu huenda."

Nakumbuka nilitazama ile sahani muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kodi ya chumba ilikuwa imebaki wiki. Niliondoka bila bahasha, na sehemu ya sababu, nisijisifu, ni kwamba niliogopa. Lakini hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo karani mzima nilitakiwa kuwa nimeshalielewa: mimi nilikuwa nadhani nimesimama pembeni ya soko nalipiga picha, kumbe nimo ndani, nimeshika bambo. Watu mia mbili wakiniamini wakashusha magunia siku moja Mlowo, bei itashuka kweli, na mimi nitaonekana nimetabiri. Yule bwana alilijua hilo zamani. Wiki mbili baadaye niliona video ya kijana mwingine, sura mpya, akisema mpaka huenda ukafungwa. Naye alikuwa na koti.

Siku hizi naenda na sweta langu. Baridi ya Uyole Juni na Julai haitaki mapambo. Video inaanza na saa, siku, mahali na gunia lenyewe: Mlowo, saa nne asubuhi, kilo 100 kwenye mizani, mahindi makavu, hii ndiyo bei aliyolipwa mtu huyu mbele yangu. Napiga na nyuma ya duka, milundo. Tunduma nahesabu malori kwa sauti, ingawa mara nyingi nahesabu vibaya, semi-trela zinapishana na vumbi linafunika lenzi. Utabiri sijauacha kabisa. Watu wanaupenda kama pilipili, na mimi sitaki kufa njaa. Ila siutoi mwenyewe. Nawauliza watatu wenye njaa tofauti: mwenye kuuza, mwenye kununua, na dereva. Dereva ndiye bora wa wote, kwa sababu ametoka huko juzi na hana gunia. Kila mmoja namuuliza kwanza: una kiasi gani ndani? Miezi mitatu baadaye nawarudia na ile video ya mwanzo kwenye simu, naipiga sura yake akijitazama. Hiyo sehemu watu wanacheka sana. Utabiri wangu wa zamani nimeuweka kwenye daftari: jumla 14, uliotimia 6, na mmoja kati ya hiyo sita ni wa mchele wa Ramadhani.

Watazamaji wamepungua. Siwezi kusema wamepungua kidogo.

Mwezi uliopita nilikuwa Mlowo, nikamkuta mzee wa Isansa kwenye mizani na magunia mawili ya kuuza apate hela ya mbolea. Akanichangamkia kama mtoto wa kaka yake. Nikamwomba nimhoji. Akakataa katakata: aliyemkopesha mbolea ya mwaka jana naye ana simu, akiona magunia kwenye video atakuwa nyumbani kwake kabla ya magharibi. Nikacheka, nikaizima.

"Lakini hebu lete," akasema. Akaichukua simu, akaishika kwa mikono miwili kama anabeba kikombe cha chai ya moto, akaniuliza kibonyezo kiko wapi. Nikamwonyesha. Akarudi nyuma hatua mbili, akalenga uso wangu, nusu ya kichwa changu ikiwa nje ya picha kama nilivyokuja kuona baadaye.

"Haya, mwanangu," akasema. "Na wewe una gunia ngapi ndani?"

"Manane," nikasema.

"Unauza lini?"

Nyuma yake dalali alikuwa anachoma gunia, mahindi yakidondoka ndooni. Yanasikika mpaka mwisho wa video, kwa sababu mzee hakujua kuizima, na mimi nilikuwa bado natafuta jibu.